Hilux LN106 (3L) naihudumia mwenyewe uani: kazi ya kwanza ilikuwa kufumua njia za mkato za mafundi waliopita

Mbao_za_Mufindi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wenye pikapu za zamani, hasa Hilux za injini za dizeli 2L, 3L na 5L (hayo ni majina ya injini, si lita), waliochoka kupeleka gari gereji Jumatatu na kuirudisha nyumbani Alhamisi ikiwa na mlio mpya. Nipo Mafinga, Mufindi, nabeba mbao na mbolea. Gari yangu ni LN106 ya kebini moja, injini 3L, springi za majani mbele na nyuma. Haina turbo wala kompyuta. Gari ya namna hii, mwenye spana na subira anaweza kuihudumia mwenyewe kwa sehemu kubwa.

Kumwaga oili sitakuelezeni, hilo mnalijua. Kumbukeni tu kwamba galoni ya lita tano haitoshi injini hii, na ile oili chafu msiimwage mtaroni. Huku kwetu watu wanaigombania kupaka nguzo za uzio zisiliwe na mchwa.

Ninachotaka kusema ni hiki. Gari ikishapita mikono ya wamiliki kadhaa, umri wake si tatizo kubwa kama mnavyodhani. Tatizo ni marekebisho ya kupita. Kila mahali fundi alipobanwa na muda, au mwenye gari alipobana hela, kuna kitu kilikatwa, kikazibwa au kikaunganishwa moja kwa moja. Kila kimoja kilifanya kazi siku ile. Vikijumlishwa ndiyo unasikia "Hilux hii imechoka, iuze tu".

Yangu nilipoipekua: themostati (kilango cha maji ya kupozea injini) haipo. Ile valvu ya breki inayofanya kazi na difu ya nyuma (lile boksi la gia katikati ya ekseli) imerukwa kwa bomba. Hita za kuwashia, zile zinazopasha silinda kabla ya kupiga stata, zimefungwa kwenye swichi ya kengele ya mlangoni. Naam, ya kengele, ina hata kialama cha kengele. Fyuzi mbili ni waya wa shaba uliosokotwa. Na bomba la breki la gurudumu moja la mbele limepondwa kwa nyundo na kukunjwa ili lisivuje, maana yake gari ilikuwa inashika breki kwa magurudumu matatu na ilikuwa inashuka mteremko wa Kitonga na mzigo.

Kwa anayeanza: kabla hujanunua spea yoyote, kaa na gari uani, fuata kila bomba na kila waya kutoka unakoanzia hadi unakoishia, upige picha. Ukikuta waya unaishia hewani au bomba limekunjwa, anzia hapo. Waya wa shaba kwenye fyuzi utoe leo hiihii. Fyuzi kazi yake ni kuungua, na ukiinyima kazi hiyo kitaungua kitu kingine.

Breki ndizo zilizonichukua muda, na ndizo ningependa watu wazielewe. Ile valvu ya nyuma ina mkono uliofungwa kwenye difu. Mzigo ukiongezeka bodi inashuka, mkono unasukumwa, valvu inaruhusu presha kubwa zaidi kwenda breki za nyuma. Gari ikiwa tupu inapunguza presha, kwa sababu nyuma ni kwepesi na tairi zingefunga kabla ya zile za mbele. Ukiiruka, gari tupu kwenye lami yenye mvua inaweza kukugeuka ikatazama ilikotoka. Mafundi wanairuka kwa sababu inavuja, au kwa sababu baada ya kuifungua pedali inabaki laini na hawajui kwa nini. Sababu ni kwamba nayo ina nati yake ya kutolea upepo, kama magurudumu. Toa upepo kwenye magurudumu kwanza, ukianzia lile la mbali zaidi na masta silinda, halafu malizia kwenye valvu. Mmoja juu ya pedali, mwingine chini ya gari, na mnaambiana kwa sauti: kanyaga, shikilia, achia.

Mafuta ya breki nunua chupa iliyofungwa, DOT 3. Chupa iliyokaa wazi stoo imeshanyonya unyevu wa hewani, na unyevu huo ndio unaochemka kwenye mteremko mrefu mpaka pedali ikazama na isikute kitu.

Jambo la mwisho kabla sijaenda kula: jeki ni ya kunyanyulia. Kabla hujaingia chini, weka stendi za chuma au magogo ya mti mgumu yaliyokatwa sawasawa, na uzuie tairi zilizobaki chini. Sisi wa Mufindi hatuna kisingizio cha kukosa magogo. Tofali hapana. Tofali hupasuka ghafla.

Themostati na hita nitazileta. Maswali ruksa.

Daftari_Mkononi

Nimeweka kiti mbele kabisa. Shusha madini mkuu.

Kijana_wa_Nozeli

Breki umesema kweli tupu. Ila themostati usitutishe. Kwa hali ya hewa yetu ile ni mzigo, imewekwa kwa ajili ya nchi za theluji. Sisi tunazitoa na magari yanatembea.

Mbao_za_Mufindi

Mkuu hoja hii ipo kila gereji, acha niijibu kwa urefu.

Shika themostati mkononi uitazame. Nyingi za Toyota za enzi hizo zina sahani mbili. Sahani kubwa inafungua njia ya kwenda rejeta maji yakifikia joto lililoandikwa juu yake, mara nyingi 82. Ile ndogo ya upande wa pili inafanya kazi ambayo watu hawaioni: kubwa inapofunguka, yenyewe inaziba mzunguko wa ndani, ule ambao maji hurudi kwenye injini bila kupita rejeta. Ukitoa themostati nzima, mzunguko huo unabaki wazi wakati wote. Sehemu ya maji ya moto inarudi ndani kama ilivyotoka.

Matokeo yake ni kinyume cha ulichokuwa unatafuta. Kwenye tambarare injini inakaa baridi kupita kiasi, dizeli haiungui vizuri, moshi mweupe asubuhi unachelewa kuisha, oili inachafuka mapema, na mafuta unakula zaidi. Kwenye mlima na mzigo, pale unapotaka maji yote yapite kwenye rejeta, hayapiti yote. Vitabu vya ufundi vya Toyota vya injini za aina hiyo vinaonya kabisa: isitolewe hata kama injini inachemsha.

Kuipima ni sufuria tu. Ifunge kwa uzi uining'inize kwenye maji isiguse chini, weka na kipimajoto, washa jiko. Ianze kufunguka karibu na namba yake, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka vya kutosha. Huku tuko juu ya mita 1,800 na maji yanachemka karibu digrii 94, lakini hata hivyo kipimo kinatosha. Ikigoma kufunguka, nunua nyingine.

Hiyo 94 ndiyo inayonifanya niheshimu mfuniko wa rejeta. Ule ulioandikwa 0.9 unabana maji kwa presha hiyo ili yasichemke hata yakipita 100. Raba yake ikiwa imelegea, mtu wa Tanga, kule pwani, anaweza kubahatika. Wa Mafinga hatabahatika. Na kamwe usiufungue injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa.

Kwa hiyo gari ikichemsha, anza kutazama mengine. Rejeta imeziba kwa kutu kwa sababu miaka yote imejazwa maji ya mto? Lile kava la plastiki linalozunguka feni lipo, au lilitolewa ili fundi apate nafasi ya kuingiza mkono? Feni yenyewe, injini ikipata moto, inashika au inazunguka kivivu? Yangu kava halikuwepo. Nilipolirudisha, hata feni ilibadilika sauti.

Bibi_wa_Muscat

Nawasoma kutoka Muscat. Huku mwezi wa sita na wa saba joto linapita digrii 40 mchana, Hilux zimejaa barabarani, na themostati zimo ndani. Kama ni kitu cha theluji, sisi tungekuwa wa kwanza kuzitupa baharini.

Daftari_Mkononi

😂😂 Bibi kamaliza ubishi.

Fundi_Mstaafu

Vijana, nimewasoma kimya kimya. Mimi nilianza kazi hii enzi za Land Rover 109 na Bedford, kwa hiyo sina haraka.

Mwanzisha uzi anasema mafundi wameharibu gari. Sikatai, nimewaona, na baadhi nimewafundisha mimi. Lakini mwenye gari naye aulizwe alikuja na shilingi ngapi. Anakuja jioni, gari imejaa viazi, alfajiri anatakiwa sokoni. Bomba la breki lipo Dar, litapanda basi kesho, litafika keshokutwa. Unamwambia hivyo, anakujibu: fundi, fanya iende tu. Unakunja bomba, unamwambia akitoka sokoni arudi alete jipya. Unamwona tena baada ya mwaka, amekuja na tatizo la klachi, bomba bado limekunjwa. Sasa aliyekunja ni nani?

Na nyinyi mnaotengeneza wenyewe, msidhani mmesalimika. Siku ya safari, saa tano usiku, tochi mdomoni, mvua inanyesha na nati moja imepotea kwenye majani, ndipo mtakapojua kama nyinyi ni mafundi wazuri kuliko sisi.

Halafu mwanangu, mbona umeruka mkanda wa taimingi?

Mbao_za_Mufindi

Shikamoo mzee. La mteja kutorudi nimelipokea, na ni kweli kabisa. Nitakachoshikilia ni kwamba fundi amwandikie mteja kwenye karatasi: hiki ni cha muda, kibadilishwe. Mimi niliyenunua gari baadaye sikuwepo kwenye mazungumzo yao ya jioni ile.

Mkanda sijauruka, nilikuwa naubakiza. Injini hizi za L zina mkanda wa raba unaozungusha kemi shafti (inayofungua valvu) na pampu ya dizeli. Toyota wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000, na kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT inayowaka ukifika muda. Kwenye gari za umri huu taa hiyo isikupe usingizi. Spidomita huwa imebadilishwa, au waya wake ulikatika zamani, au ile taa ilimkera mtu akatoa balbu. Ukinunua gari na hakuna anayejua mkanda ulibadilishwa lini, ubadilishe. Ukikatika, valvu na pistoni zinakutana, na hapo hesabu inakuwa ya hedi (kichwa cha injini) na zaidi.

Mimi nabadilisha mwenyewe. Alama ziko tatu: krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), kemi na pampu. Zote zikae mahali pake kabla mkanda wa zamani hujautoa, uzipige picha, na uongeze alama zako kwa rangi nyeupe. Ukishafunga mpya, zungusha krenki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili. Alama zote zirudi zilipokuwa. Ukihisi imegonga kitu kigumu, usilazimishe, rudi nyuma utafute kosa. Rola ya kukaza mkanda badilisha wakati huohuo, na kama oili sili za nyuma yake zinavuja, zibadilishe pia, kwa sababu oili inaozesha raba.

Fundi_Mstaafu

Marahaba. Hapo umesema kama mtu aliyekaa gereji. Naongeza moja: mara ya kwanza ufanye na mtu aliyewahi kuufunga, akiwa amesimama pembeni. Asikushikie spana, akutazame tu.

Wa_Kirinyaga_Road

Niko Nairobi wadau. Sisi huku tuna ule mtaa wa spea ambao wazee bado wanauita Grogan, na nyinyi mna Gerezani kule Kariakoo. Ugonjwa ni mmoja: boksi jipya, jina kubwa, ndani takataka. Sheria yangu ya kununua ni nyepesi. Kitu cha chuma kizito nanunua kilichotumika ilimradi ni halisi: habu, nyumba ya difu, mkono wa usukani baada ya kuukagua kama una ufa. Kitu cha raba, sili, mkanda, hosi, kikombe cha breki, hicho ni kipya na kutoka kwa muuzaji ambaye nikirudi kesho nitamkuta palepale. Beringi nayo mpya. Beringi iliyotumika ni bahati nasibu.

Na ukienda dukani beba ile ya zamani mkononi. Usiseme tu "Hilux". Hilux ziko nyingi, na muuzaji atakupa iliyo karibu na mkono wake.

Babangu alikuwa na Peugeot 504 pikapu, zile zilizounganishwa pale kiwanda cha magari cha AVA Mombasa. Alikuwa na sanduku la mbao lenye spea za zamani alizotoa, kila moja ameiandika kwa chokaa ilitoka wapi. Makanika wakimletea mpya, anailinganisha na ya sandukuni kabla ya kulipa.

Kijana_wa_Nozeli

Nimerudi. Kuhusu themostati, nina moja hapa kwenye droo, nimeitoa, na kweli ina sahani ya chini. Nitafikiri.

Ila mwanzisha uzi hujaongelea mafuta, na hapo ndipo gari za 3L zinapofia, kwa hiyo ruhusa niseme. Pampu ya dizeli ya injini hii hailainishwi na oili ya injini. Inalainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inapita humo ikiwa kavu, na vyuma vya ndani vinasagana. EWURA, wadhibiti wa nishati wa Tanzania, walianza kuweka vinasaba (kemikali ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huo. Lakini ukinunua mafuta kwenye madumu njiani, vinasaba havikusaidii kitu.

Mambo mawili fanya mwenyewe nyumbani. Chini ya filta ya dizeli kuna nati ya plastiki: ilegeze, utoe maji yaliyojikusanya mpaka itoke dizeli safi, kaza. Ukibadilisha filta, tumia ile pampu ya mkono iliyo juu yake, bonyeza mpaka ikaze, ndipo upige stata. Watu wanamaliza betri kwa stata wakati pampu ipo mbele ya macho yao.

La tatu ni kutafuta silinda iliyolala. Gari ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa, vaa miwani, halafu legeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja (nozeli ndiyo inayonyunyiza dizeli kwenye silinda), uikaze, uende nyingine. Ukilegeza na mngurumo usibadilike, silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi. Mikono weka mbali na mafuta yanayotoka. Na nozeli iliyotolewa usiijaribu hewani kwa kuishika, mafuta yake yanatoboa ngozi na kuingia mwilini, hiyo ni safari ya hospitali.

Zaidi ya hapo, acha. Pampu na nozeli zilete kwenye mashine ya kupimia. Sisemi kwa sababu ni biashara yangu. Sawa, ni biashara yangu pia.

Mbao_za_Mufindi

Hapo tunakubaliana asilimia zote. Mpaka wangu ni huo: pampu, nozeli, gea boksi na kuchonga hedi nampelekea mwenye mashine. Vilivyobaki nafanya uani.

Mama_Viazi_Njombe

Habari zenu. Nina Hilux ya 3L nabebea viazi. Asubuhi za mwezi wa saba haiwaki mpaka isukumwe, na vijana wa kusukuma siku hizi wanataka hela kwanza. Fundi aliniwekea swichi pembeni ya usukani, nibonyeze nihesabu ishirini ndipo nipige stata. Zamani ilisaidia, sasa hivi haisaidii. Nifanyeje?

Mbao_za_Mufindi

Karibu dada. Swichi yako ni ndugu wa kengele yangu.

Hita ziko nne, moja kwa kila silinda, na zimeunganishwa kwa ukanda mmoja wa chuma juu. Kiwandani zinaongozwa na taima: inapeleka umeme mkubwa kwa muda mfupi, kisha inaupunguza au kuukata. Zipo za volti tofauti kutegemea mfumo wa gari, kuna za 6 na kuna za 11. Ukichukua za 6 ukaziunganisha moja kwa moja na betri ya 12 na kuhesabu ishirini, unazikaanga. Ncha huvimba, na nyingine hukatika ikaangukia ndani.

Kuzipima huhitaji fundi. Injini ikiwa baridi na swichi imezimwa, toa waya hasi wa betri, fungua nati ndogo nne za ukanda ule, uuondoe. Rudisha waya wa betri. Chukua taa ya kupimia, mshipa mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine uguse kichwa cha hita moja moja. Ikiwasha taa, hita ina uhai. Isipowasha, imekatika ndani. Hiyo taa haikuambii kama inapata moto wa kutosha, ila zilizokufa utazijua.

Mama_Viazi_Njombe

Nimepima na mwanangu wa kidato cha tatu, yeye ndiye aliyeshika taa. Mbili zinawasha, mbili kimya. Pembeni ya moja iliyotoka nimesoma 11V.

Fundi_Mstaafu

Mbili kati ya nne, na Njombe mwezi wa saba! Hiyo gari imekuvumilia sana binti yangu.

Mbao_za_Mufindi

Nunua nne, zote za 11V na za aina moja. Ukichanganya mpya mbili na za zamani mbili utarudi hapa mwezi wa nane. Kabla ya kuzitoa zilizobaki, mwagia mafuta ya kulainisha nati kwenye mashimo, uache usiku kucha, na uzifungue injini ikiwa na joto kidogo. Mpya zianze kwa vidole mpaka zifike mwisho, halafu spana kidogo tu. Uzi wa kwenye hedi ukiharibika, kazi inakuwa ya mwenye mashine.

Halafu chunguza chini ya dashibodi na karibu na betri kama taima na relei (swichi kubwa inayoongozwa na umeme mdogo) za mwanzo bado zipo. Mara nyingi fundi anaziacha zikining'inia. Kama zipo, zirudishe kwenye waya zake na uiondoe swichi. Kama hazipo, weka relei yenye uwezo wa kubeba hita zote, kwa sababu nne kwa pamoja zinavuta makumi ya ampia na swichi ndogo itaungua. Bonyeza sekunde chache, piga stata, usihesabu ishirini.

Mama_Viazi_Njombe

Relei ipo, imefungwa kwa mpira wa baiskeli nyuma ya betri. Waya zake mbili zimekatwa. Hita nimeagiza, zinakuja na basi la kesho. Rangi za waya ni nyeusi yenye mstari wa njano na nyekundu. Nimeweka picha, nani anisaidie ipi inaenda wapi?

Kijana_wa_Nozeli

Dada usifuate rangi, zimeshachezewa hizo. Tuma picha ya upande wa chini wa relei, zile namba za kwenye miguu zionekane. Nipo hapa mpaka usiku.